Mashujaa wa karto na shaba: kwa nini mtu mzima wa Buluo anatengeneza kofia ya Iron Man



Kuna swali moja ninaulizwa kila mara mtu akiingia kwangu: "Weye, papa muzima, na diplome yako, uko natengeneza bintu ya batoto mpaka lini?" Anayeuliza ameshaona juu ya kabati ile kofia ya Iron Man ya karto, Spider-Man wa waya wa shaba, na ngao ya Captain America iliyokuwa zamani kifuniko cha sufuria. Swali si baya. Tena si mimi peke yangu ninayeulizwa. Hapa Buluo, na Kikula, na Panda, kuna vijana wanaokata karto na kukunja waya usiku kucha, na nyumbani wanaambiwa wanapoteza wakati. Ninaandika juu yao. Ninataka kueleza mambo matatu: hadithi hizi za mashujaa zilitoka wapi, siye watu wa Likasi tunaingia wapi ndani yake, na mkono wa anayetengeneza unajifunza nini.

1. Zilianza kwa mkono

Wengi wanafikiri Superman alizaliwa katika kampuni kubwa, na mashini kubwa, na pesa nyingi. Haiko vile. Walimzaa vijana wawili wa masomo katika mji wa Cleveland, Marekani: Jerry Siegel aliyeandika maneno na Joe Shuster aliyechora. Katika 1933, wakati kazi ilikuwa imekosekana kabisa Marekani, walikuwa na gazeti lao dogo walilolichapa wenyewe kwa mashini ya stensili, ile ya kuzungusha kwa mkono, ambayo walimu wetu wa zamani waliitumia kupiga maswali ya mtihani. Humo ndimo jina la Superman lilitokea mara ya kwanza. Wakati huo alikuwa bado mtu mbaya. Walimgeuza, wakamchora upya, wakapeleka kila mahali, wakakataliwa. Alitoka rasmi katika 1938.

Munajua walilipwa ngapi? Dola 130, kwa wawili, na haki zote zikaenda kwa kampuni. Baadaye Superman alileta mamilioni, na wao wakahangaika mahakamani miaka na miaka. Kijana anayechora, shika hii kwanza: kazi ya mkono wako ina mwenyewe, na mwenyewe ni weye mpaka siku utakapotia sinyatire. Soma karatasi kabla ya kutia sinyatire.

Kwetu pia ilianza vilevile. Kinshasa, katika 1990, Papa Mfumu'Eto alianza kuchora bede zake kwa Lingala, akizichapa kwa karatasi rahisi, zikauzwa sokoni na barabarani. Hadithi ya nyoka mkubwa aliyemeza mwanamke Kinshasa ilishikwa na mji mzima. Hakungojea éditeur wa Ulaya. Huku Katanga, wazee wa Gécamines wanakumbuka Mwana Shaba, gazeti la kampuni, na Mwana Shaba Junior ya vijana, iliyokuwa na bede ndani. Na Pie Tshibanda aliandika Alerte à Kamoto, bede juu ya mgodi wa Kolwezi, Nsenga Kibwanga akachora. Kwa hiyo mtu asituambie bede ni kitu cha wazungu tulichokiokota jana.

2. Jiwe la jirani yetu

Sasa ngoja kwanza, tuangalie mashujaa wa Marvel, wale wa filamu ambazo watoto wetu wanazitazama kwenye telefone. Tazameni tarehe. Fantastic Four, 1961: walipigwa na miale ya angani. Hulk, 1962: alipigwa na miale ya bomu. Spider-Man, 1962: aliumwa na buibui mwenye miale. Daredevil, 1964: kitu chenye miale kilimwagika usoni, akawa kipofu. Miale, miale, miale. Kwa nini? Sababu dunia ya wakati ule ilikuwa inaishi na woga wa bomu la atomu. Waandishi walichukua woga huo wakaufanya hadithi: nguvu ambayo ingekuua inakugeuza shujaa.

Lakini woga ule ulikuwa na jiwe, na jiwe lile lilikuwa na kijiji. Kijiji kinaitwa Shinkolobwe, kilomita 20 hivi kutoka Likasi, mji ambao wakati ule uliitwa Jadotville. Uraniamu ilionekana pale katika 1915. Kwanza Union Minière ilitafuta radiamu kwa ajili ya dawa za saratani na kwa rangi ya kung'aa kwenye saa. Uraniamu yenyewe ilikuwa karibu takataka. Kumbe madini ya pale yalikuwa tajiri kupita kiasi: mengine yalifika asilimia 65 ya uraniamu, wakati mahali pengi duniani mawe hayakufika hata asilimia 1.

Katika 1940, vita ikiwa imefika Ubelgiji, Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1,200 za madini hayo New York, yakawekwa katika mapipa pale Staten Island. Katika 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima iliungua, na sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu lile ilitoka katika udongo huu wetu. Wale waliochimba, waliopakia magunia kwa mikono, hawakuambiwa wanachimba nini.

Bon. Sasa unganisheni wenyewe. Buibui aliyemuuma Peter Parker ni wa hadithi tu, lakini woga uliomzaa buibui huyo ulipita Likasi kabla ya kufika New York. Watoto wetu wanajua jina la Wakanda. Wanajua vibraniamu, ile madini ya ajabu ambayo watu wa Wakanda waliificha wasiibiwe na mtu yeyote. Black Panther alitokea katika 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, na filamu yake ya 2018 ilijaza masale kila mahali Afrika. Watoto waliipenda, mimi pia niliipenda. Lakini ukimuuliza mtoto wa hapa Shinkolobwe ni nini, wengine watakwambia: "Ni fasi ya bachimbaji." Basi. Anajua mgodi wa uongo ambao haukuibiwa, hajui mgodi wa kweli ulio kando ya nyumba yake.

Hii ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kupenda bede hizi: ukizifuata mpaka kwenye mizizi, zinakurudisha nyumbani.

3. Mchoraji wa Likasi

Kabla ya vijana wa leo, mji huu ulikuwa na mtu aliyefanya kazi hii kwa ukubwa wake wote. Anaitwa Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa Elisabethville katika 1947, akaishi Likasi, akachora. Kama wachoraji wengi wa barabarani wa wakati ule, alichora juu ya kitambaa cha gunia la unga, akaenda kuuza nyumba kwa nyumba. Katika 1973 na 1974 alitengeneza picha zaidi ya 100 za historia ya nchi, moja baada ya nyingine kwa mfululizo, kwa ajili ya Johannes Fabian, aliyefundisha wakati huo kwenye université ya Lubumbashi. Picha nyingi zina maneno yaliyoandikwa ndani yake. Na kila picha aliieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha Katanga. Maneno hayo yalirekodiwa, na katika 1996 yakatoka katika kitabu pamoja na picha.

Picha zinazofuatana, maneno ndani ya picha, mtu mmoja anayebeba mateso ya watu wote, yaani Lumumba: mimi sioni tofauti kubwa na bede. Tshibumba alisema yeye ni mwana-historia. Hakusema anachezea rangi. Leo picha zake ziko Ulaya, watu wenye ma-doctorat wanaandika juu yake, na hapa Likasi vijana wengi hawajasikia jina lake. Miaka ya 1980 alipotea, jamaa na marafiki hawakujua alienda wapi.

Kwa hiyo kijana wa Buluo anayechora shujaa juu ya karto ya maziwa yuko kwenye njia iliyofunguliwa na mkubwa wake. Anakosa tu mtu wa kumwambia hivyo.

4. Mkono unajifunza nini

Sasa tufike kwenye meza ya kazi. Nitaeleza kofia ya Iron Man, sababu ndiyo ambayo kila mtoto anaiomba. Na Iron Man anatufaa zaidi kuliko wengine wote: katika filamu ya 2008 silaha yake ya kwanza aliitengeneza ndani ya pango, kwa vipande vya chuma vilivyobaki, kwa nyundo na moto. Mtu wa Likasi akiona pale anacheka: ile ni karakana ya kwetu kabisa!

Kwanza ni kupima. Zungusha uzi kichwani, upime kwa rula. Tuseme sentimita 58. Ongeza 4 ili kichwa kiingie na kutoka bila kupasua karto: 62. Gawa kwa 3.14, unapata duara ya upana wa karibu sentimita 20. Mtoto aliyesema darasani hesabu ya pi haina kazi, hapa anaishika mwenyewe.

Pili ni kukuza picha. Katika bede uso wa Iron Man una urefu wa sentimita 4, weye unataka 28. Ni mara 7. Chora viraba vya sentimita 1 juu ya picha ndogo, na viraba vya sentimita 7 juu ya karatasi kubwa, halafu hamisha mstari, kiraba kwa kiraba. Hakuna ordinatere wala mashini ya kupiga kopi. Ni eskeli tu, ile ile ya plani za nyumba na karte za mgodi.

Tatu ni karto. Karto ina mishipa ndani. Ukiikunja kufuata mishipa inatii, ukiikunja kinyume inavunjika. Basi kata kila kipande huku ukifikiri kitakunjwa upande gani. Shona kwa kole, halafu funika kwa karatasi za gazeti zilizolowa uji wa unga, safu tatu au nne, kila safu ikauke kwanza. Ukiharakisha, ndani inaoza. Mwisho piga sandipepa, tia rangi.

Nne ni macho ya kuwaka. Pata taa mbili ndogo za LED nyeupe kutoka katika tochi iliyokufa, na pile tatu za volti 1.5, yaani volti 4.5. LED nyeupe inataka volti 3 hivi. Zinabaki volti 1.5 ambazo lazima zimalizwe mahali, la sivyo taa inaungua. Umeme unaoitosha ni ampea 0.02. Gawa 1.5 kwa 0.02: omu 75. Katika redio mbovu tafuta rezistansi ya 82, ndiyo ya karibu, yenye pete za kijivu, nyekundu na nyeusi. Kila jicho lipewe rezistansi yake. Hii ni sheria ya Ohm, na mtoto wa miaka 12 ameielewa bila kupigwa fimbo, sababu alitaka macho yawake.

Wenye kuendelea wanaacha karto, wanaingia kwenye shaba. Hapo tuko nyumbani. Bafundi wetu wanaopiga picha za shaba kwa nyundo wanajua siri ambayo inawashangaza watu wa chuma: kadiri unavyoipiga shaba inakuwa ngumu, mwisho inapasuka. Dawa yake ni kuitia moto mpaka iwe nyekundu. Halafu unaweza kuichovya majini, nayo inabaki laini. Chuma cha kisu ukikifanyia hivyo kinagumuka, shaba inalainika. Piga, choma, chovya, piga tena. Uso wa shujaa unatoka taratibu kutoka upande wa nyuma wa bati, kama mtu anayetoka ukutani.

Na mtu asifikiri haya yanaishia kabatini. Katika 2013 Kinshasa iliona marobo ya kuongoza motokari, ya aliminiumu, yenye taa na plake za jua, yaliyotengenezwa na kundi la mama enjenia Thérèse Izay Kirongozi. Hata Lubumbashi yalisimamishwa. Ukiliangalia vizuri, lile robo lina kifua, mikono na kichwa kama mtu. Lingeweza kuwa na mikono ya taa tu bila uso. Lakini mtu aliyelitengeneza alijua kwamba dereva wa Kongo ataheshimu zaidi kitu kinachofanana na mtu. Hiyo ni akili ya bede ndani ya kazi ya enjenia.

5. Hatari, tusifichane

Mapenzi haya yana upande mbaya, na katika mji wa migodi ni lazima usemwe wazi.

Musichome waya kwa moto ili kupata shaba. Moshi wa ile plastiki ni sumu, na watoto wanausimamia wakiwa wameinama juu yake. Chubua kwa kisu au kwa pense, polepole. Hata ukipata kidogo, kinatosha: Spider-Man mmoja wa waya hahitaji zaidi ya mita chache.

Musipasue batri ya motokari. Ndani kuna asidi na risasi. Risasi inaingia katika damu ya mtoto na kuharibu akili yake, haitoki kwa maziwa wala kwa dawa ya kienyeji.

Ukikata malakiti au ukiipiga sandipepa, imwagie maji na ufunge pua na mdomo. Lile vumbi la kijani linapendeza machoni, kwenye mapafu ni adui.

Na ya mwisho, kubwa kuliko zote: mawe usiyoyajua yasiingie nyumbani. Shinkolobwe ilifungwa, mashimo yakazibwa kwa beton wakati wa uhuru, lakini watu walirudi kuchimba kobalti kwa mikono. Katika 2004 serikali iliamuru pafungwe tena, na mwaka huo huo, mwezi wa saba, shimo lilianguka, watu wakafa. Katika bede miale inampa mtu nguvu. Hapa kwetu miale haijampa mtu nguvu hata siku moja. Ukimpa mtoto kitabu cha Hulk, mwambie na hili, siku ile ile.

6. Jibu langu kwa wazee

"Bintu ya batoto." Sawa. Tuchukue neno hilo. Mtoto wa hapa anatengeneza motokari ya waya yenye usukani mrefu unaofika kiunoni, magurudumu yanakata kona kweli. Hakuna aliyemfundisha. Akifika darasa la technique anaambiwa asahau mchezo, aandike kwenye kaye. Miaka sita baadaye ana diplome ya mekanike na hajagusa mashini, sababu atelie ya masomo haina vyombo. Mimi ninasema tulikata kamba mahali pabaya. Ile motokari ya waya ilikuwa somo la kwanza la mekanike, na kofia ya Iron Man ni somo la pili.

Lakini wazee wana haki mahali pamoja, na vijana musikasirike. Kutengeneza Iron Man wa 100 ni kuendelea kupigia wengine debe. Kuiga kunafundisha mkono, hilo ni kweli. Kila fundi alianza kwa kuiga. Ila ikiwa mkono umeshajua na bado unaiga tu, basi tumefanya tena kazi ya 1940: siye tunatoa nguvu, wengine wanatoa hadithi, na hadithi inarudi kwetu kwa kununuliwa.

Kwa hiyo ninawaomba vijana kazi ya pili. Baada ya kofia ya kwanza, tengeneza shujaa ambaye bibi yako angemjua. Mwanamke anayeosha mawe mtoni, ambaye mikono yake inasikia jiwe lenye sumu kabla halijaguswa. Fundi wa reli wa zamani ambaye kinga yake haichoki. Mchoraji aliyepotea, anayetembea usiku na gunia la unga begani, na kila anachokichora kinasimama na kusema ukweli. Mpe jina. Chora kurasa nane, kunja karatasi mbili katikati, pitisha uzi. Andika kwa Kiswahili tunachosema, usingojee kile cha vitabu. Chini ya ukurasa wa kwanza andika jina lako na mwaka. Siegel na Shuster walianza kwa mkono, na Mfumu'Eto pia.

Na siye wakubwa wa association, kazi yetu ni rahisi kuliko yao. Kila mmoja wetu ana kitu kisichofanya kazi nyumbani: redio mbovu, tochi, karto za kuhama, pense ya zamani, magazeti, rangi iliyobaki ndani ya bwate. Mwenye atelie afungue mlango Posho moja kwa mwezi, asimame pale mwenyewe, aonyeshe namna ya kushika nyundo bila kujiumiza. Aliyesoma umeme aeleze ile hesabu ya omu 82. Aliyesoma historia aeleze Shinkolobwe, na Tshibumba. Hakuna budje ya kungojea, hakuna barua ya kuandikia mkubwa.

Mtoto anayejua kupima kichwa chake mwenyewe kwa uzi na rula, siku moja atapima na vingine. Tumpe uzi.